Jani la Njia ya Moshi

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mlima Fundi alipofika getini, mbao mbili begani, nyundo kiunoni na kopo la misumari mkononi. Ukimwona hivyo, hungekuwa na sababu ya kumtilia shaka. Ngazi moja pale njia panda ilikuwa imeoza kwa mvua, na kutengeneza ngazi za mlima mzima ilikuwa kazi yake. Alikuwa ameifanya miaka mingi hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

"Fundi, saa hizi?" mlinzi wa geti alimuuliza. "Hiyo ngazi haina kesho?"

"Mgeni akivunjika mguu kesho asubuhi, utambeba wewe?"

"Mimi na kitambi hiki?" Mlinzi akacheka, akainua kizuizi. "Pita, mama. Ila usikawie, ukungu unashuka."

Fundi naye akacheka. Alicheka vizuri tu, kama mtu asiye na neno moyoni. Ndani ya blauzi yake, ubavuni, jani kavu lilikuwa likimkwaruza kila alipovuta pumzi.

Kisiwa kile chote ni mlima mmoja uliotoka baharini ukiwaka, ukapoa juu, ndani ukabaki na moto wake. Udongo wake mweusi huotesha chochote. Chomeka fimbo leo, keshokutwa ina majani. Kuna maporomoko ya maji, kuna mabwawa ya maji moto, na kuna ule ukingo wa juu ambapo mtu husimama akaona bahari pande zote. Watu hupanda ndege kutoka mbali ili waje kutembea kwa miguu. Wenyeji huwacheka, lakini huwacheka huku wamewabebea mizigo.

Na mlima ule una ukungu. Ukishuka, huoni kidole chako. Ndiyo maana waongoza wageni walijiwekea utaratibu wao, wakafundishana kwa mdomo. Anayetangulia huvunja jani la kangaga kila afikapo njia panda. Jani hilo mgongo wake ni kijani na tumbo lake ni jeupe. Hulilaza tumbo juu, kikonyo kikielekea njia ya kufuatwa, ili weupe ule uonekane hata kiza kikiingia. Wa mwisho kwenye msafara, yaani mfunga mkia, huliokota na kulitupa, lisije likapoteza wengine. Na anayetangulia akitaka kujua kama watu wametimia, hupaza sauti, "Nani wa mwisho?" Mfunga mkia hujibu kutoka nyuma, "Wa mwisho mimi!"

Mfunga mkia halihoji jani. Analifuata tu. Amemwamini aliye mbele.

Mdogo wake Fundi alikuwa mfunga mkia.

Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao. Fundi alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Kitinda alikua akawa kijana mwenye sauti tamu na mdomo mwepesi, wageni wakampenda, na maneno yakaanza kusikika kwamba yeye ndiye atakayefanywa mkuu wa waongozaji. Mkuu aliyekuwepo alikuwa Tausi. Jina hilo alilipata kwa makoti yake ya rangi kali na kwa kupenda kuangaliwa. Mtu wa namna hiyo ukimwondoa mbele ya watu, umemwondolea hewa.

Jioni moja ya ukungu msafara ulirudi bila mfunga mkia. Tausi alisema huenda kijana amejitia ujuaji, amekata njia ya mkato kupitia maporomokoni. Watu wakawasha tochi, wakaenda kuita maporomokoni. Alfajiri, Fundi alipokuwa akipanda peke yake, alifika njia panda akaliona jani. Tumbo juu. Kikonyo kilielekea Njia ya Moshi, njia iliyofungwa tangu zamani, inayoishia kwenye shimo ambalo mlima hupumulia.

Tena lilikuwa limekandamizwa kwa jiwe.

Hakuna mwongozaji anayeweka jiwe juu ya jani, maana mfunga mkia huliokota akitembea. Jiwe huwekwa na mtu anayeogopa jani lisije likageuka, na kwa jiwe lile Kitinda, akiharakisha ukunguni, alikuwa amepita bila kuliokota. Fundi alilichukua, akaliinua mbele ya watu wote, akasema aliloliona.

"Huo ni upepo, mama," Tausi alisema. "Upepo umegeuza jani."

"Na jiwe nalo limebebwa na upepo?"

Tausi akacheka, na wanaume waliokula kwa mkono wake wakacheka naye. Asiyekuwepo na lake halipo. Siku ya tatu ilionekana kofia ya Kitinda kwenye mdomo wa shimo, na zaidi ya kofia hakikupatikana kitu. Watu walipokuja na mikeka yao kuomboleza, mama yao aliwafungia mlango.

"Mimi sikai matanga ya kofia," alisema.

Mume wa Fundi ndiye aliyemfuta machozi siku zile. Mtaani walimwita Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Alikuwa mpagazi, na baada ya msiba Tausi akampa kazi ya kufunga mkia. "Nafasi ya shemeji isikaliwe na mtu baki," Mpole alimwambia mkewe, na Fundi akalia kwa kushukuru kupata mume wa namna ile.

Lakini mama yao hakulia, wala hakushukuru. Alikaa chumbani kwake uani, akautazama mlima.

Kuhusu bibi huyu, watu wazima wa mtaa ule walikuwa na mengi na waliyasema kidogo. Zamani watu walikuwa wakimwona anakuja, wanavuka upande wa pili. Kisha akaolewa, akaacha mambo yale. Au ndivyo ilivyosemwa. Baada ya kofia kupatikana, harufu ya nywele zilizoungua ilianza kutoka chini ya mlango wake, na paka wote wa jirani wakahama. Akamwomba binti yake lile jani. Fundi akampa, na hakuuliza kitu.

Asubuhi ya siku hii tunayoisimulia, bibi alimwita chumbani. Alimrudishia jani, limefungwa kwenye kipande cha mbeleko aliyobebewa Kitinda.

"Lilaze pale pale lilipolazwa," alinong'ona. "Ukishaliachia hutaliona tena."

"Wageni je, mama? Wasio na hatia?"

"Asiyehusika hataliona hata akilikanyaga. Ataliona aliyejua akanyamaza."

"Na kisha?"

"Kisha utakaa kimya. Utakachokiona, kione. Usimwite mtu. Ukimwita mtu kwa sauti ya aliye hai, umemtoa, na kazi yangu umeimwaga."

Fundi alitaka kucheka. "Nimwite nani mimi? Tausi?"

Bibi alimshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Nimesema usimwite mtu. Mlima hautoi bure, mwanangu. Ukitaka ukupe, uupe."

Fundi akaenda karakana, akashinda huko akikata mbao. Nyumbani alimwacha Mpole kitandani, goti limevimba kama boga, akilalamika kwamba leo hawezi hata kufika chooni. Kwa hiyo moyo wake ulikuwa mwepesi. Mfunga mkia wa leo angekuwa mtu mwingine, na mtu mwingine asiyehusika hangeona kitu.

Pale njia panda palikuwa kimya. Alipiga misumari michache kwenye ngazi iliyooza, ili kama mlinzi anasikia huko chini aridhike. Kisha akaweka nyundo. Harufu ya kiberiti, harufu ya yai viza, ilikuwa inakuja kidogo kidogo kutoka Njia ya Moshi. Akalitoa jani. Lilikuwa kavu kabisa, lakini lilikuwa na uvuguvugu, na haukuwa wa mwili wake. Akalilaza tumbo juu, kikonyo kikitazama moshi.

Akaondoa vidole.

Jani halikuwepo.

Akapapasa. Udongo. Kokoto. Udongo tena. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye kichaka cha kangaga, akachuchumaa, akajitanda shuka jeusi mpaka puani.

Ukungu ukashuka.

Kwanza zilikuja sauti. Vicheko vya wageni, fimbo zikigonga mawe, viatu vizito kwenye ngazi zake. Kisha koti la rangi ya chungwa likajitokeza kwenye weupe ule, na ndani ya koti alikuwa Tausi. Alikuwa anawasimulia wageni kisa cha kuchekesha. Akafika njia panda, na kisa kikakatika katikati ya neno.

Alikuwa anatazama chini.

"Nani kaweka..." alianza. Akageuza shingo huku na huku. Akapiga teke kitu ambacho Fundi hakukiona. Akapiga tena. Akainama kukiokota, na mkono ukaishia njiani, ukarudi haraka kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Kiongozi, vipi? Tumepotea?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hapana, hapana. Tangulieni. Shikeni kamba ya ngazi, inafika mpaka getini."

"Na wewe?"

"Nimesema tangulieni!"

Wakapita mmoja mmoja, wakikanyaga pale pale. Mama mmoja mnene alisimama juu yake kabisa, akafunga kamba ya kiatu, akajisifu kwamba magoti yake bado ya kijana, akaendelea. Hakuona kitu. Fundi akashusha pumzi. Mama yake alisema kweli.

Tausi akabaki peke yake. Na labda ni mazoea, labda ni woga wa kukaa kimya mahali pale, akainua kichwa akaita kuelekea juu, walikokuwa wametoka.

"Nani wa mwisho?"

Jibu lilikuja.

Halikutoka juu.

"Wa mwisho mimi..."

Lilitoka Njia ya Moshi. Fundi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sauti ile alikuwa ameifundisha kusema maji, ameifundisha kusema asante. Angeitambua hata katikati ya sauti za soko zima.

"Wewe umekufa," Tausi alinong'ona. "Umekufa wewe, bwana."

"Wa mwisho mimi..." Ilikuwa karibu zaidi.

Tausi alishika kamba ya ngazi. Alikuwa ameelekea getini, uso wake, kifua chake, vyote vilielekea getini. Miguu ndiyo iliyogeuka. Ilianza kumvuta kinyumenyume, hatua kwa hatua, kuingia kwenye moshi, naye ameng'ang'ania kamba mpaka ikalia. Kidole kimoja kikaachia. Kingine. Alifungua mdomo apige kelele na moshi ukamwingia mdomoni. Kitu cha mwisho alichokiona Fundi kilikuwa lile koti la chungwa, likififia.

Na Fundi alifurahi. Tusimsingizie huruma. Alifurahi mpaka meno yakagongana, machozi yakamtoka, akasema moyoni, malipo ni hapa hapa duniani, Tausi wee, cheka sasa. Alikuwa tayari ameshika nyundo yake aondoke.

Ndipo aliposikia kishindo kutoka juu. Mguu mmoja mzito, mmoja unaburutwa.

"Wa mwisho mimi!" mtu aliita, akihema. "Tausi! Mbona mmeniacha? Nimesema goti hili..."

Alikuwa Mpole.

Amefikaje? Alimwacha kitandani! Kisha akajituliza. Aliyejua akanyamaza ndiye aonaye. Mumewe hahusiki. Mumewe atapita kama alivyopita yule mama mnene, atalikanyaga, ataendelea na njia yake, usiku atamkanda goti kwa maji ya moto, wataongea mengine. Pita, mume wangu. Pita, pita.

Mpole alifika njia panda.

Akasimama.

Akatazama chini.

Hakuangalia kando, hakuangalia ngazi. Aliangalia pale hasa ambapo Fundi alikuwa ameondoa vidole vyake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu huyasema maneno hayo kirahisi, kwenye kahawa, wakizungumzia nguo za wengine. Safari hii nguo ilikuwa ya Fundi. Bado alijaribu kumtetea. Labda amechoka. Labda goti. Labda ameona nyoka.

Kisha Mpole akapiga magoti, goti bovu na zima, akaanza kusema na ule moshi.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, sikuligeuza mimi. Wallahi sikuligeuza."

Moshi ulikuwa kimya. Lakini ulikuwa umesogea.

"Nilikuwa nyuma ya Tausi na mizigo, wageni wameshapita. Nilimwona akilaza. Nilimwona akiweka jiwe. Akaniangalia tu, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu." Alilia. "Kesho yake nilitaka kusema. Halafu akanipa kazi yako. Ningesemaje tena? Nilinyamaza tu, shemeji. Kunyamaza nako ni kuua?"

Fundi alikuwa anakumbuka. Usiku ule wa tochi, kule maporomokoni ambako mdogo wake hakuwepo, watu wote waliita mpaka makoo yakakauka. Na aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote, aliyeingia majini mpaka kifuani, aliyebebwa na wenzake kwa uchovu, alikuwa mumewe. Muda wote ule Kitinda huenda alikuwa hai kwenye ukingo wa shimo, anaita, anangoja. Mpole alijua aite wapi. Akaita kwingine.

Na akarudi nyumbani akamfuta yeye machozi.

Mpole alisimama. Hakutaka kusimama. Kiwiliwili chake kiligeuka, bila yeye kujua, kuelekea kichaka alimojificha mkewe, na miguu ikaanza kurudi nyuma. Lile goti bovu halikuchechemea tena. Hatua moja. Ya pili. Kwenye moshi nyuma yake kulikuwa na weusi wa kimo cha mtu, umesimama kwa adabu pembeni ya njia, kama anayempisha mwenzake apite.

Neno moja lingemtoa. Jina tu. Hata "we!" lingetosha.

Fundi alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa tayari.

Akaufunga.

Hakuna aliyemshika. Hakuna jini lililomziba koo. Alifunga mdomo wake mwenyewe, kwa hasira yake mwenyewe, akauma midomo mpaka akasikia ladha ya damu. Mpole akaingia kwenye moshi huku anasema "shemeji, shemeji," taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kisha hakusema tena.

Fundi alishuka mlima akiwa ameshika kamba ya ngazi. Getini wageni walikuwa wamejaa, wanawaulizia waongozaji wao, na mlinzi alikuwa anapiga simu. "Umewaona huko juu, Fundi?" Akatikisa kichwa. Hapo hapo akajua jinsi ilivyo rahisi kunyamaza.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, hajawasha taa.

"Wangapi?"

"Wawili," Fundi alisema.

Bibi hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia.

"Ulimwita?"

"Sikumwita."

"Vizuri."

"Mama... Mpole alikuwa kitandani. Nani alimtoa?"

"Tausi alituma mtu kumfuata, mtu wao wa kufunga mkia leo hakutokea. Mkwe akasema goti." Bibi alinyoosha miguu. "Nikamwambia, mkwe wangu, jikaze, kazi haimngoji mtu."

"Ulijua?"

"Mtu aliyelia sana kwenye msiba usio wake, nilimtazama macho. Basi. Nenda kalale."

"Mama, yule ni mume wangu!"

"Na yule alikuwa mwanangu," bibi alisema. "Mume hupatikana. Mimi tumbo langu limefungwa."

Alfajiri mlango uligongwa.

Fundi alifungua akamkuta Mpole. Amesimama wima, majivu kuanzia nywele hadi kucha, kiatu kimoja hana. Hakuchechemea. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa upole mkubwa, wala hakusema neno. Fundi alimrukia, akamkumbatia, akalia, akaomba msamaha kwa maneno yasiyoeleweka. Mikono ya mumewe ilibaki imening'inia. Kisha ikampigapiga mgongoni kidogo, kwa heshima, ikamsogeza kando.

Akampita, akaenda moja kwa moja uani. Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Fundi alisikia mama yake akilia, kilio ambacho hakukitoa siku ya kofia, kilio cha furaha tupu, akisema jambo moja tu tena na tena. "Mwanangu. Mwanangu."

Mtaa mzima ulikuja kumpongeza. Mpole amepona, mlima umemrudisha! Tausi hakurudi, na waliomtafuta hawakuona hata kifungo cha koti lake. Daktari alimpima Mpole, akasema moshi umemdhuru koo, atasema taratibu, asisumbuliwe. Wanawake walimwambia Fundi kwamba ana bahati. Jirani mmoja akatania kwamba sasa mumewe amerudi akiwa mtanashati zaidi, hata kutembea anatembea kama kijana.

Fundi aliitikia. Hakuwaambia kwamba usiku mumewe hutandika mkeka kwenye chumba cha bibi, mlangoni, na kwamba akimletea maji ya kuoga huyapokea kwa mikono miwili, macho chini. Hakuwaambia kwamba alipomshika shavu mara moja, alijivuta nyuma kwa aibu ya kweli, aibu ya mtu aliyeguswa visivyo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mume kahamia kwa mkwe. Wacha wanong'one.

Jioni moja Fundi alimpelekea chakula barazani. Alikuwa amekaa anautazama mlima, na ukungu ulikuwa unashuka.

"Kula, mume wangu," Fundi alisema.

Alipogeuka, midomo yake ilitikisika, na baada ya siku zote zile za kimya, sauti ikatoka. Ilikuwa imekwaruzwa na moshi, lakini ilikuwa tamu.

"Dada," alisema.

Ndani, mama yake aliacha kukohoa.

"Dada, shemeji yuko wapi? Tangu nirudi sijamwona."

Fundi alimtazama. Macho yalikuwa ya Mpole. Kovu la nyusi lilikuwa la Mpole, na pete ya ndoa ilikuwa kidoleni. Alitafuta jibu, akakuta moja tu.

"Ameenda kazini."

"Ahaa." Alipokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akatazama tena mlima. "Akirudi uniite, dada. Nina maneno naye."

Kisha akanawa mikono, akaanza kula.